Marejeo ni Ngamani: Historia ya Njia ya Kurudi katika Waya

Wahenga wa pwani walisema, "Aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani." Methali hii huambiwa mtu anayejivunia safari zake akasahau kwamba chombo alichopanda kina tumbo moja, na kwamba hata akizunguka vipi, mwisho wake ni kurudi pale pale. Ni neno la mabaharia, na kwa miaka mingi limetumika kwa binadamu peke yake. Hata hivyo kuna abiria mwingine ambaye methali hii inamhusu bila ya kupunguka hata chembe, naye ni umeme. Umeme hauna safari ya kwenda tu. Kila mkondo utokao katika betri hauna budi kurejea katika betri ile ile, na usipopewa njia ya kurudi hautoki kamwe. Mafundi waliokumbuka marejeo hayo waliweza kuzifanya nyaya zao zisemezane kwa utulivu. Waliosahau, waya wao ulijaa kelele za watu wengine.

Mkabala na Mji Mkongwe wa Unguja, upande wa machweo, kipo kisiwa kidogo cha Bawe. Mwaka 1879, katika zama za Sayyid Barghash bin Said, kisiwa hicho kilitolewa kwa kampuni ya telegrafu ya Eastern kiwe kituo cha waya uliolazwa chini ya bahari. Waya huo ulitoka Aden, ukapitia Unguja na Msumbiji, ukafika Durban. Haja yake ilikuwa imedhihirika mwanzoni mwa mwaka huo huo. Tarehe 22 Januari jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari ile ilichukua takriban wiki tatu kufika London, kwani ililazimu ibebwe kwa meli hadi mahali palipokuwa na waya. Mwaka haukwisha ila Unguja nayo, iliyozoea kupokea habari kwa kaskazi na kuzipeleka kwa kusi, ikawa inazipokea kwa saa.

Wanaousimulia waya ule huusifu kwa kwenda kwake. Ni nadra mtu kuuliza umeme wake ulirudi vipi, ilhali ndani ya gamba lile la chuma na utomvu wa gutapacha mlikuwa na uzi mmoja tu wa shaba. Jawabu ni kwamba ulirudi kwa bahari yenyewe. Kila kituo kilikuwa na bamba lililogusana na ardhi au maji, na dunia nzima ikafanywa kuwa waya wa pili. Desturi hiyo haikuanzia baharini. Ilianzia nchi kavu, tena kwa bahati.

Mwaka 1833, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, wanasayansi Carl Friedrich Gauss na Wilhelm Weber walitandika nyaya mbili juu ya mapaa ya nyumba, wakapelekeana ishara za umeme. Waya mmoja ulikuwa wa kwendea na mwingine wa kurudia. Mwaka 1838 Carl August von Steinheil wa Munich alijaribu kuzitumia reli za treni ya Nuremberg na Fürth badala ya nyaya. Jaribio halikufaulu, kwa kuwa umeme ulivuja kutoka reli moja hadi ya pili kwa kupitia udongo. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini Steinheil aliona katika kushindwa kwake faida kubwa. Ikiwa udongo unaupitisha umeme kwa wepesi namna hiyo, basi hapana haja ya waya wa kurudia. Zika bamba la shaba huku, zika jingine kule, na ardhi itafanya kazi ya bure.

Uvumbuzi huo uliupunguza waya kwa nusu, na gharama nayo ikapungua pamoja nao. Katika miaka michache telegrafu za dunia nzima zikawa zinatumia waya mmoja na ardhi. Lakini Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Ardhi ni ya wote, na njia iliyo ya wote haina siri wala utulivu. Kila mwenye waya aliurudisha mkondo wake pale pale aliporudisha jirani yake. Deni la unafuu ule lilianza kukusanyika siku hiyo, na lilikuja kudaiwa na vizazi vya baadaye.

Mdai wa kwanza alitoka mbinguni. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 1859 jua lilituma dhoruba kubwa ya sumaku, na anga za nchi nyingi zikawaka rangi. Dhoruba ile iliamsha mikondo ndani ya ardhi, na kwa kuwa telegrafu zilikuwa zimeifanya ardhi kuwa sehemu ya waya wao, mikondo ile iliingia moja kwa moja katika mitambo. Nchini Marekani, makarani wa Boston na Portland walikata betri zao wakaendelea kupelekeana maneno kwa muda wa saa mbili kwa umeme wa ardhi peke yake. Tukio hilo husimuliwa kama kioja. Kwa hakika lilikuwa onyo: mlango uliofunguliwa ili umeme wa mtu urudi ndio mlango huo huo utakaoingiza umeme usio wake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo yalitolewa mafunzo mengine kuhusu kelele, nayo yalikuwa makali zaidi. Tarehe 5 Agosti 1858 ulikamilika waya wa kwanza wa kuvuka bahari ya Atlantiki, kutoka Valentia nchini Ireland hadi Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, zenye maneno 98, zilichukua saa 16 kupita. Ishara zilifika zikiwa zimechoka na kutawanyika, na ilikuwa taabu kuzitenga na mitetemo mingine ya waya. Wildman Whitehouse, aliyesimamia umeme wa kazi hiyo, aliona dawa ni kupaza sauti. Alitumia mitambo iliyosukuma umeme wa kiasi cha volti 2,000. Waya ule, uliokuwa na kasoro tangu kutengenezwa kwake, haukustahimili. Baada ya wiki chache tu ulinyamaza, na maili 2,000 hivi za shaba zikabaki sakafuni mwa bahari bila faida.

William Thomson, profesa wa Glasgow ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa na shauri jingine. Yeye hakutaka sauti kubwa bali sikio jepesi. Alitengeneza chombo chenye kioo kidogo kilichoning'inizwa kwa uzi mwembamba, na mkondo dhaifu kabisa uliweza kukigeuza kioo hicho na kuusogeza mwanga wake ukutani. Waya mpya ulipofanikiwa mwaka 1866, na ule uliokatika mwaka 1865 ukaokotwa na kumaliziwa, fundi Latimer Clark alifanya jaribio lililowaduwaza watu. Aliagiza nyaya mbili ziunganishwe kule Newfoundland, ili umeme uende kwa mmoja na kurudi kwa mwingine. Kisha akatengeneza betri ndani ya kastabani ya fedha, kwa tone la asidi na kipande cha zinki. Umeme wa kastabani, kile kidude cha mshona kofia, ulivuka Atlantiki kwenda na kurudi, na kioo cha Thomson kikauona. Jambo lililoishinda nguvu ya volti 2,000 lilifanywa na tone moja, kwa sababu msikilizaji alikuwa hodari na njia ilikuwa safi.

Telegrafu, pamoja na aibu zake, iliweza kuishi na kelele. Alama zake zilikuwa chache na za polepole, na karani mwenye uzoefu alizijua kama mvuvi ajuavyo maji. Simu ya Alexander Graham Bell ya mwaka 1876 haikuwa na subira hiyo. Simu ilibeba sauti ya binadamu, na sauti ina mitetemo mingi ya haraka na laini. Kampuni za simu ziliendelea na desturi ya Steinheil ya waya mmoja wa chuma juu ya nguzo na ardhi chini yake. Matokeo yake yalikuwa balaa. Ndani ya kipokea sauti zilisikika mbisho za telegrafu zilizopita jirani, na mbaya zaidi yalisikika mazungumzo ya watu wengine. Mfanyabiashara alisikia bei ya mshindani wake, na mgonjwa hakuwa na hakika ni masikio mangapi yaliyosikia alichomwambia tabibu. Taa za umeme na tramu zilipoenea katika miaka ya 1880, ngurumo zikaongezeka juu ya minong'ono.

Chanzo chake kilikwishafafanuliwa tangu mwaka 1831, Michael Faraday alipoonyesha kwamba mkondo unaobadilika katika waya mmoja huamsha mkondo katika waya mwingine ulio karibu, ingawa hazigusani. Mvuvi ataelewa upesi. Uwazi ulio baina ya njia ya kwenda na njia ya kurudi ni kama mdomo wa wavu. Ukiwa mpana, kila kinachopita hunaswa. Waya juu ya nguzo na njia yake ya kurudi ndani ya udongo ni wavu uliotandazwa wazi kwa maili na maili. Hapakuwa na la kustaajabisha kwamba ulijaa.

Dawa ilikuwa kuufunga mdomo wa wavu, na walitokea watu wawili walioufunga kwa namna mbili. Wa kwanza ni Oliver Heaviside, aliyezaliwa London mwaka 1850. Ugonjwa wa utotoni ulimpunguzia usikivu, akafanya kazi ya telegrafu kwa miaka michache, kisha mwaka 1874 akajifungia nyumbani na hesabu zake. Haikosi ajabu kwamba mtu asiyesikia vizuri ndiye aliyeufahamu uvumi wa nyaya kupita wenye masikio mazima. Mwaka 1880 alijipatia hataza nchini Uingereza kwa wazo la kuuweka waya wa kwendea ndani ya bomba la shaba, na bomba lenyewe liwe ndiyo njia ya kurudia. Mkondo ukienda ndani na kurudi kwa kuuzunguka, wavu hauna mdomo tena. Dunia haikumsikiliza kwa wakati wake. Ilipofika miaka ya 1930 waya wa namna hiyo ndipo ulipoanza kubeba mamia ya mazungumzo kwa pamoja, na hata leo televisheni nyingi huunganishwa na antena zake kwa waya wa namna hiyo.

Wa pili ni Bell mwenyewe. Mwaka 1881 alipewa hataza namba 244,426 nchini Marekani. Ndani yake alieleza kwamba kila simu ipewe nyaya mbili, na nyaya hizo zisokotwe pamoja. Aliyewahi kumwona mzee wa pwani akisokota kamba ya makumbi mapajani mwake ana nusu ya siri hii tayari. Nyuzi mbili zikisokotwa hubadilishana nafasi kila baada ya inchi chache. Ule uliokuwa karibu na adui sasa uko mbali, na uliokuwa mbali sasa uko karibu. Kelele inayotoka nje huingia katika nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja. Kipokeaji kilichopo mwisho hakisikilizi waya huu wala ule, bali husikiliza tofauti iliyo baina yao. Kwa kuwa kelele ni sawa kwa wote wawili, tofauti yake ni sifuri, nayo hutoweka. Ishara yenyewe hupelekwa kwa kinyume, waya mmoja ukipanda mwingine ukishuka, na hivyo hubaki. Huko si kuizuia kelele isiingie, bali ni kuigawa kwa insafu mpaka ikajifuta yenyewe.

John J. Carty, fundi kijana wa kampuni za Bell, aliichukua hoja hiyo akaipeleka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alipima kwa uangalifu namna simu moja inavyoisumbua nyingine, akathibitisha kwamba nyaya mbili peke yake hazitoshi. Lazima ziwe na mizani. Waya mmoja ukiwa na kiungo kibovu, au ukiwa karibu zaidi na jirani kuliko mwenziwe, kelele haigawiki sawa, na kinachozidi hubaki kikisikika. Kwa sababu hiyo nyaya za juu ya nguzo zikawa zinabadilishwa nafasi kila baada ya masafa maalumu, na nyaya za ndani ya kamba moja zikasokotwa kila jozi kwa kipimo chake, ili jozi mbili zisiende kwa hatua moja zikaambukizana. Msomaji wa mashairi hatashangaa kusikia kwamba kazi yote hii iliitwa kusawazisha. Mshororo mmoja ukipungua mizani, sikio hulikamata kosa hata kama maneno ni matamu.

Kampuni za simu zilililipa deni la Steinheil kwa shaba. Ilizilazimu kuongeza waya wa pili kila mahali, na kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Kampuni za nyaya za bahari zilijiona zimesalimika, kwa kuwa katika kina kirefu hapana taa wala tramu. Mwaka 1896 zamu yao ikafika, na iliwafikia Cape Town.

Mwaka huo tramu za umeme zilianza kutembea katika mji huo. Umeme wake, kama ilivyokuwa desturi ya tramu za zama zile, uliingia kwa waya wa juu na kurudi kwa reli. Reli zililala juu ya udongo, na sehemu ya mkondo, badala ya kufuata chuma hadi nyumba ya mitambo, ilijichagulia njia zake ndani ya ardhi. Mjini humo humo palikuwa na kituo cha kampuni ya Eastern and South African, ile ile iliyohudumia Unguja. Kituo kilipokea maneno kwa chombo kingine cha Thomson, cha mwaka 1867, ambacho hudondosha wino kupitia bomba jembamba na kuchora mstari wa mawimbi juu ya karatasi inayokwenda. Chombo kile kilipima tofauti baina ya waya wa bahari na bamba la ardhi la kituo. Bamba liliaminiwa kuwa limetulia. Baada ya tramu kuja halikutulia tena. Kila gari lilipoondoka au kusimama, ardhi ya mji ilipanda na kushuka kidogo, na wino ukayumba. Karatasi iliyokusudiwa kuandika habari za London ikawa inaandika pia safari za tramu.

A. P. Trotter, aliyekuwa mtaalamu wa umeme wa serikali ya Cape, aliuchunguza mgogoro huo na kuuandikia makala mwaka 1897. Kulikuwa na njia mbili za kuutatua. Ya kwanza ni kumlaumu jirani na kumtaka azime tramu zake. Ya pili ni kutambua kwamba kosa lilikuwa katika kuiamini ardhi ya mji. Dawa iliyofaa ilikuwa kuipeleka ardhi ya kituo mbali. Uzi wa pili ulilazwa sambamba na waya wa bahari kwa maili kadhaa kutoka pwani, na hapo ndipo ulipounganishwa na maji. Tangu kituoni hadi kilindini, kwenda na kurudi vikawa bega kwa bega. Mtetemo wa tramu uliingia katika nyuzi zote mbili kwa pamoja, na chombo, kilichosikiliza tofauti, kikaacha kuusikia. Bahari ilibaki kuwa njia ya kurudi, lakini ilikuwa bahari tulivu ya mbali, haikuwa udongo wenye vurugu wa mjini.

Mtu angedhani kwamba baada ya Bell, Carty na Trotter somo hili lisingesahauliwa. Lilisahauliwa, na sababu ilikuwa ile ile ya unafuu. Mwaka 1960 chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani kilitoa kanuni ya kuunganisha mashine za hesabu na mitambo ya simu, iliyojulikana kwa jina la RS-232. Ndani yake kila ishara ilipewa waya mmoja tu, na ishara zote zikarudi kwa waya mmoja wa ushirika. Mezani mwa ofisi, kwa masafa ya mita 15 hivi, haikuwa na ubaya. Kompyuta zilipotoka ofisini zikaingia viwandani, ubaya ukaonekana. Kiwandani mna mota kubwa, mna mashine za kuunganishia chuma, mna swichi zinazotoa cheche kila dakika. Ardhi ya upande huu wa jengo na ardhi ya upande ule hutofautiana kwa volti kadhaa, na tofauti hiyo hupita ndani ya waya wa ushirika ikijifanya kuwa ishara. Kosa la herufi moja ofisini ni karatasi iliyoharibika. Kiwandani herufi ile ile yaweza kuwa amri ya kufungua vali au kuuinua mkono wa chuma mahali aliposimama mtu.

Mafundi walirudi kwa Bell. Kanuni ya RS-422 ya mwaka 1975, na RS-485 ya mwaka 1983, ziliipa kila ishara jozi yake ya nyaya zilizosokotwa, na kipokeaji kikaamrishwa kusikiliza tofauti. Jozi hiyo yaweza kufika mita 1,200. Kipokeaji hutambua tofauti ndogo ya sehemu mbili tu za kumi za volti, na wakati huo huo kinastahimili ardhi za pande mbili zikipishana kwa volti saba. Ni kioo cha Thomson na kamba ya Bell vilivyowekwa ndani ya kijiwe kidogo kuliko ukucha. Penye hatari zaidi, mafundi huikata kabisa ardhi ya ushirika. Ishara hugeuzwa kuwa mwanga ndani ya kijiwe, ikavuka upenyo usiopitisha umeme, kisha ikageuzwa tena kuwa umeme upande wa pili. Maneno huvuka, ugomvi wa ardhi haupati daraja.

Siku hizi vita vimehamia katika ubao wa saketi wenye ukubwa wa kiganja, ambamo milango kadhaa ya mawasiliano hukaa kwa kubanana: mmoja wa mtandao, mmoja wa vipimo, mmoja wa mota. Sheria haikubadilika. Chini ya njia nyembamba za shaba fundi hutandaza bamba pana la shaba liwe marejeo. Ishara za kasi zina tabia ya adabu. Mkondo wake wa kurudi haukimbilii njia fupi, bali hupita juu ya bamba hilo, chini kabisa ya njia uliyoendea, kama kivuli kimfuatavyo mtu wakati wa adhuhuri. Mdomo wa wavu hapo ni mdogo mno. Lakini fundi asiye makini akilipasua bamba, kwa kupitisha waya mwingine au kwa kudhani kwamba anatenganisha, kivuli hukatizwa na kulazimika kuzunguka. Wavu hufunguka, na mlango mmoja huanza kusikia mambo ya mlango wa pili. Wengi waliotaka kuitenga milango kwa ufa ndio walioiunganisha kwa kelele. Ushauri wa mafundi waliobobea ni kwamba, kabla ya kuuliza ishara inakwenda wapi, uulize inarudi kwa wapi.

Kutokana na mateso hayo, sheria nazo zimetungwa. Tangu mwaka 1934 ipo kamati ya kimataifa inayoshughulikia usumbufu wa redio. Jumuiya ya Ulaya ilitoa mwongozo wake mwaka 1989, na tangu mwanzo wa mwaka 1996 chombo cha umeme kisichoweza kuishi na majirani hakiruhusiwi kuuzwa katika soko lake. Sheria hizo zina pande mbili zinazofanana na adabu za mtaa: usiwakere wenzio kwa kelele zako, na usiwe mwepesi wa kukereka kwa kelele zisizoepukika. Kelele za mlango, walisema wazee, hazimkatazi mwenye nyumba kulala.

Tangu mwaka 2009 mwambao wa Afrika Mashariki umekuwa ukipokea mikongo ya kioo, ukiwamo ule wa SEACOM wa mwaka huo na ule wa EASSy wa mwaka 2010. Ndani yake maneno hayaendi kwa umeme bali kwa nuru, na nuru haijali tramu wala radi. Yangeweza kusemwa kwamba hapo hadithi ya njia ya kurudi imekwisha. Lakini nuru huchoka baada ya kilomita nyingi, na kila baada ya masafa fulani sakafuni mwa bahari kipo chombo cha kuipa nguvu. Chombo hicho hula umeme, na umeme huo hupelekwa kutoka pwani kwa ala moja ya shaba iliyouzunguka uzi wa kioo. Ala ni moja tu, kama ulivyokuwa mmoja uzi wa shaba uliofika Bawe mwaka 1879. Mkondo wake hutoka pwani, ukapita chombo kwa chombo hadi ng'ambo, kisha hurudi kwa njia ile ile iliyoutumikia waya wa zama za Barghash. Hurudi kwa bahari.